Begi Lililobaki Kwenye Bajaji: Uchambuzi wa Kesi Moja ya Dawa za Kulevya

Mama mmoja alifika Magomeni, kwenye ofisi yangu ya uwakili, na karatasi moja, ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa hati ya mashtaka ya mwanawe. Imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Mtu aliyemsomea nje ya mahakama alimwambia kijana ameshtakiwa kwa kusafirisha dawa za kulevya. Hata maji niliyompa hakuyagusa kwanza. Aliuliza, "Mwanangu, kusafirisha kwenda wapi? Alikuwa anatoka Tandale kwenda Sinza."

Kesi nzima iligeukia kwenye neno hilo moja, ndiyo maana nimeamua kuieleza yote. Kijana na mama yake wameridhia. Majina nimeyaacha, na mambo yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha.

Kijana alikuwa na miaka 24, dereva wa bajaji ya mkataba, bado miezi mitano amalize iwe yake. Siku ya Alhamisi, saa moja kasoro robo jioni, alipakia abiria Tandale kwa Mtogole. Abiria alikuwa na begi jeusi la mgongoni, wakapatana nauli, wakaondoka. Walipokaribia Shekilango askari wawili wakawapungia mkono wasimame. Bajaji haijatulia, abiria akaruka upande wa pili na kupotelea vichochoroni. Begi likabaki. Ndani yake mlikuwa na vifurushi vya majani makavu vilivyozungushiwa nailoni.

Kijana alitiwa pingu na kupelekwa kituoni pamoja na bajaji. Usiku ule hakuna aliyemhoji. Kesho yake saa tatu asubuhi ndipo alipoandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa na askari, na chini ya karatasi hizo ipo sahihi yake. Kuna mstari mmoja humo unasema alijua kuwa alichobeba abiria ni bangi. Yeye anasema hakutamka maneno hayo, na hakusomewa kabla ya kusaini.

Ndugu wengi wanadhani sheria inatofautisha waziwazi mtu aliyekutwa na dawa na mtu anayezisafirisha. Mtaani tofauti hiyo ipo. Kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, neno linalotafsiriwa kuwa kusafirisha limepewa maana pana mno: ndani yake kuna kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, kupeleka, na hata kuwa nazo tu. Mtu aliyekaa sebuleni kwake na mzigo chini ya kitanda anaweza kushtakiwa kwa kusafirisha bila kuvuka hata barabara. Kwa hiyo jibu la swali la mama lilikuwa gumu kulitamka: kisheria, si lazima awe anakwenda popote.

Kosa la kupatikana na kiasi kidogo lipo pia, lakini mlango wake ni mwembamba. Linamhusu mtu mwenye kiasi kidogo sana ambacho ni kwa matumizi yake mwenyewe, si cha kuuza wala kugawa, na hoja hiyo ya matumizi binafsi ni juu yake kuionyesha. Adhabu za makosa hayo mawili haziko hata karibu. Kusafirisha, kwa viwango vidogo vilivyowekwa na marekebisho ya mwaka 2017, ni kifungo cha miaka 30. Uzito ukivuka viwango hivyo ni kifungo cha maisha. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilisema begi lina bangi ya kilo 2.64. Kijana alikuwa anaitazama miaka 30.

Kule mahabusu wenzake walimpa ushauri uliosikika kama wa kumwokoa: sema ni zako za kuvuta, watakupunguzia. Nilipokwenda kumwona gereza la Segerea aliniuliza kama nakubaliana nao. Nilimjibu kwa ukali kidogo, na sijutii. Hakuna hakimu atakayeamini kwamba kilo mbili na nusu ni za kuvuta mtu mmoja. Kubaya zaidi, akishasema ni zake, amekiri jambo ambalo Jamhuri, upande wa mashtaka, ilikuwa inahangaika kulithibitisha, yaani kwamba alijua kilichomo. Kwa mtu ambaye kweli ni mraibu na kweli alikutwa na kete moja au mbili mfukoni, hoja hiyo ni ya haki na ina maana. Huyo nitamshauri pia aende kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Ya Muhimbili ipo tangu mwaka 2011, na Mwananyamala na Temeke wanazo. Huyu wangu hakuwa mraibu. Alikuwa dereva.

Laki nne za kikoba

Kabla mama hajafika kwangu, wiki tatu zilikuwa zimeshapotea, pamoja na shilingi laki nne za kikoba. Siku kijana alipofikishwa mahakamani mara ya kwanza, mwanaume mmoja aliyevaa suti alimfuata mama kwenye benchi la nje. Akajitambulisha kuwa wakili. Akasema faili liko mezani kwa mtu wake na likiwahiwa halitafika mbali. Mama alitoa laki mbili siku ile, na nyingine mbili wiki iliyofuata. Siku ya kesi kutajwa, mtu yule hakuingia ndani, alisubiri nje. Alipoulizwa akasema mawakili wakubwa hawaingii kwenye kutajwa.

Huyo ni kishoka, na Dar es Salaam wako wengi. Sitaki kumlaumu mama hata chembe. Mtu ambaye mwanawe yuko nyuma ya nondo atamwamini yeyote anayeongea kwa uhakika. Ila kumtambua kishoka si kazi ngumu. Wakili yuko kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama, ana namba yake ya usajili, na kila mwaka lazima ahuishe leseni ya kufanya kazi. Mfumo wa e-Wakili unafunguka hata kwenye simu: unaandika jina, unaona kama yupo na kama leseni yake iko hai. Tulipoandika jina la yule bwana pale ofisini, hakutokea mtu. Mama alitazama kioo cha simu muda mrefu, kisha akafunga kitenge chake upya.

Hata kati ya mawakili wa kweli kuna kuchagua. Namkubali sana mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye huwaambia watu: usimuulize wakili atashinda vipi, muulize ataanza na karatasi gani. Mwenye uzoefu wa jinai atakutajia papo hapo hati ya ukamataji mali, maelezo ya onyo, fomu za makabidhiano ya kielelezo na ripoti ya mkemia. Atakuuliza mtu wako alikamatwa saa ngapi na akahojiwa saa ngapi. Akianza na nani anamfahamu hakimu, nyanyuka. Akikuahidi kuachiwa huru, nyanyuka pia. Na muulize yeye mwenyewe ndiye atakayesimama mahakamani au atamtuma kijana wa ofisini. Malipo yaandikwe, yatajwe yanaishia wapi, yaani kutajwa, kusikilizwa au mpaka rufaa, na upewe risiti.

Asiye na fedha kabisa asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaipa mahakama nafasi ya kuagiza mshtakiwa asiyejiweza apatiwe msaada pale haki inapohitaji, na mshtakiwa mwenyewe anaweza kunyanyua mkono akaomba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika ni milango ya kubisha. Wasaidizi wa kisheria wa kwenye kata wanafaa sana kwa kuelekeza na kufuatilia, ila hawawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

Hakutakiwa kujibu

Mara ya kwanza kijana aliposomewa shtaka aliambiwa hatakiwi kujibu chochote, maana kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kilikuwa hakijatoka na mahakama ile bila kibali haina mamlaka ya kuisikiliza kesi ya namna hiyo. Ndugu walielewa kwamba kesi haina nguvu. Sivyo. Maana yake ni kusubiri: kesi inatajwa kila baada ya siku 14, upelelezi haujakamilika, rudi tarehe fulani.

Kwangu kungoja kule kulikuwa na faida moja tu, kwamba hakupata nafasi ya kusema "ni kweli". Sisi Waswahili tunalitumia neno hilo kwa adabu, kuonyesha tunamsikiliza mkubwa. Mahakamani ni kukiri. Kijana alinieleza kwamba kama angeulizwa siku ile, angesema ni kweli mheshimiwa, begi lilikuwa kwenye bajaji yangu. Kwa haki, jibu kama hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa ni kukiri kosa, maana hajasema alijua kilichomo, lakini nimeshaona rufaa ndefu zikipiganwa juu ya majibu mafupi kuliko hilo. Shtaka liliposomwa upya baada ya kibali, alijibu maneno mawili: si kweli.

Hatua iliyofuata watu huichukulia kirahisi, nayo ni maelezo ya awali. Mwendesha mashtaka anasoma mambo yanayohusu kesi na mshtakiwa anasema yapi anakubali. Yale anayoyakubali na kutia sahihi yanahesabiwa yamethibitishwa. Hakuna shahidi atakayeitwa kuyasemea. Tulikubali jina lake, makazi yake, kazi yake, na kwamba alikamatwa siku ile. Sentensi iliyosema "akiwa na begi" tuliikataa, tukabaki na "akiwa anaendesha bajaji". Wakili wa Serikali alinitazama kidogo, akaandika.

Niliomba dhamana nikashindwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamnyima dhamana anayeshtakiwa kwa kusafirisha dawa, lakini inamwacha nje ya katazo hilo mtu anayeshtakiwa kwa kupatikana na dawa ambazo, kwa kuangalia mazingira yote, hazikukusudiwa kusafirishwa wala kufanyiwa biashara. Nilijaribu kupita hapo. Hakimu akasema mbele yake kuna shtaka la kusafirisha na yeye anaongozwa na shtaka lilivyo. Sikubaliani naye mpaka leo, kwa kuwa sheria imesema mazingira yote, si kichwa cha shtaka peke yake. Lakini niliinama, nikaondoka, na kijana akarudi Segerea kwa miezi mingine.

Karatasi

Nilipopata nakala za vielelezo nilizitandaza mezani usiku mmoja nikaona mambo manne.

Kwanza, hati ya ukamataji mali ilisema begi lilipatikana "chini ya kiti cha dereva". Maelezo ya askari wa kwanza yalisema lilikuwa "kiti cha nyuma". Pili, hati ilikuwa na sahihi ya kijana na za askari wawili, bila shahidi huru hata mmoja, ilhali pale Shekilango saa moja jioni kuna wauza chipsi, bodaboda na watu wanaotoka kazini. Tatu, maelezo ya onyo yalichukuliwa zaidi ya saa 14 baada ya kukamatwa. Sheria inampa askari muda wa saa 4 wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na akihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongezewa. Humo sikuona nyongeza yoyote. Nne, kituoni waliandika takriban kilo 3, na mkemia akapata 2.64.

Jambo la nne ndilo nililolipenda kupita yote. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ilieleza kwamba lazima kuwe na mfululizo wa nyaraka unaoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kikatunzwa, kikahamishwa na kuchunguzwa. Mawakili wa jinai wote tunaijua rufaa hiyo, na wengi tunaikimbilia kabla hatujaangalia kitu kingine. Gramu 360 zimekwenda wapi? Niliandaa maswali kurasa tatu.

Mtunza vielelezo alijibu kwa sentensi moja. Kituoni walipima vifurushi vikiwa na nailoni zake ndani ya begi, na mkemia alipima majani matupu. Akatoa fomu za makabidhiano, tarehe zikafuatana, sahihi zikafuatana. Kurasa zangu tatu zikaishia hapo. Nalisema hili kwa sababu ndugu wengi wanasikia kwamba kesi za dawa hufa kwa makosa ya karatasi, wakadhani kila kasoro ni ufunguo. Mahakama ya Rufani yenyewe imekuwa ikilegeza sharti la nyaraka pale ushahidi wa mdomo unapoeleza vizuri, na kukosa shahidi huru au stakabadhi si kila mara kunaiangusha kesi. Sahihi ya mshtakiwa kwenye hati ya ukamataji, kwa upande wake, ni nzito. Mtu akiambiwa asaini, asome kwanza, na asiyejua kusoma aombe asomewe.

Maelezo ya onyo tuliyapinga kabla hayajapokelewa. Wakati wake ni huo. Yakishapokelewa na kusomwa mbele ya hakimu umechelewa. Kukafanyika kesi ndogo ndani ya kesi, askari aliyeyaandika akaulizwa sababu ya kuchelewa. Akajibu kwamba usiku ule hakukuwa na mtu wa zamu ya upelelezi. Hakimu akaandika kuwa hiyo si sababu inayotambuliwa na sheria, akayakataa. Ule mstari wa "alijua ni bangi" ukatoka kwenye kesi.

Kilichobaki ni begi lilikaa wapi. Nilimwomba askari wa kwanza alishike begi lenyewe, kielelezo, mbele ya mahakama. Kisha nikamuuliza kama amewahi kupanda bajaji. Akasema kila siku. Nikamuuliza begi la ukubwa ule linaingiaje chini ya kiti cha dereva. Alinyamaza, akasema, "Lilikuwa karibu na kiti." Karibu na kiti kipi? "Cha nyuma." Askari wa pili, aliyekuwa nje ya chumba wakati mwenzake akihojiwa, naye akasema nyuma. Alipoulizwa kama kulikuwa na abiria akasema ndiyo, alikimbia. Kwenye hati ya ukamataji, abiria hakutajwa kabisa.

Tangu hukumu moja ya mwaka 1987, msimamo wa mahakama zetu ni kwamba mtu hahesabiwi kuwa na kitu isipokuwa alijua kipo na alikuwa na mamlaka nacho, au kilifika kwa mwaliko na mpango wake. Dereva wa bajaji hana mamlaka na begi la abiria. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yetu yote, nami nilikaribia kuifunika kwa hoja ya gramu.

Shahidi wetu mkubwa hakuletwa na mimi. Siku ya kwanza mama alipokuja nilimwambia aende pale Shekilango jioni, saa ileile, asimame aulize. Alikwenda jioni nne mfululizo. Ya nne akampata muuza chipsi aliyekumbuka abiria alivyoruka, kwa sababu alimwagia ndoo yake ya maji. Tuliandika namba yake na jina la mtu wa kwao. Tukafanya vizuri, maana kesi ilipofika kwenye utetezi alikuwa ameshahamia Chanika. Alikuja kwa daladala mbili, akafunga biashara siku nzima, hakudai hata nauli. Nauli tulimpa.

Siku moja kabla ya hukumu nilimwita mama nikamweleza la kufanya tukishindwa: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ahesabu tangu kesho. Alichora vistari kumi nyuma ya daftari la kikoba.

Havikutumika. Hakimu alisoma kwa muda wa saa nzima. Kwenye uzito akakubaliana na Jamhuri. Kwenye mtiririko wa kielelezo akakubaliana na Jamhuri. Kukosekana kwa shahidi huru, akasema, peke yake hakutoshi. Kisha akafika kwenye kujua, na hapo akasema mashahidi wa Jamhuri wenyewe wamemweka begi na mwenye begi kwenye kiti cha nyuma, na hakuna kilichoonyesha, bila kuacha shaka, kwamba aliyekaa mbele alijua kilichokuwa nyuma yake. Akamwachia huru. Zilikuwa zimepita miezi 11 na siku kadhaa.

Bajaji tuliichukua wiki iliyofuata kwa amri ya mahakama. Ilikuwa imelala uani kituoni tangu siku ile, matairi chini, betri imekufa, kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Mwenye bajaji alikuja mwenyewe. Nilidhani amekuja kuichukua. Alizunguka akaitazama, akamuuliza kijana ilibaki miezi mingapi. Kijana akasema mitano. Wakaisukuma wote wawili mpaka barabarani, mama akiwa nyuma na ufunguo mkononi.